Ndoo ya Bwana Bado

Mafundi wa friji wana neno moja wanalolipenda kuliko wake zao, nalo ni "bado." Umepeleka friji lako Jumatatu, ukaambiwa njoo Jumatano. Jumatano unaambiwa bado. Ijumaa bado, kuna kifaa kinasubiriwa. Wiki ya pili bado, umeme ulikatika. Fundi wetu huyu hakuwa mbaya kuliko wenzake, ila hakuwa bora pia. Karakana yake ilikuwa gereji ya zamani iliyoshikana ukuta na nyumba ya kaka yake, na humo yalisimama mafriji kumi na moja. Mengine yalisubiri kutengenezwa. Mengine yalishapona zamani, yakawa yanasubiri tu fundi aache uongo.

Moja kati ya hayo lilikuwa la mwenye saluni, mama mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Lilipona siku ile ile alipolileta, maana ulikuwa waya mmoja tu uliogugunwa na panya. Lakini lilikuwa friji zuri, refu, lenye mlango unaojifunga wenyewe ukiusukuma kidogo, na fundi akaona si vibaya kuweka maji yake ya kunywa humo siku mbili tatu. Siku mbili tatu zikawa wiki. Mwenye saluni akaja, akaambiwa bado, akaja tena, bado, mpaka akachoka.

"Siku likipona utaniita," alisema. "Mimi sina miguu ya kuchezea."

Akaacha kuja. Miezi mitano ikapita, na friji likaendelea kunguruma kwa furaha kama mtu anayekula kwa jirani.

Kaka wa fundi naye alikuwa na bado yake, lakini hiyo ilikuwa ya ukoo mwingine. Kwa miaka thelathini na moja alifanya kazi chini kwenye chumba cha matangi cha kiwanda cha bia, kwenye baridi, mahali bia inapochachuka na kulala mpaka iive. Wakubwa walikuwa wakishuka na makoti yao kuuliza kama tangi namba nne liko tayari. Yeye aliegemeza sikio kwenye chuma, akasikiliza, akanusa bomba, kisha akajibu, "Bado." Hata sikukuu ikiwa kesho, hata malori yakiwa yamepanga foleni getini. Kuna mwaka meneja alimwamuru afungue tangi siku nne kabla ya wakati wake. Akakataa, na cheo alichokuwa amekisubiri kwa miaka akapewa mwingine. Kiwanda kizima kikamwita Bwana Bado, na jina likamfuata mpaka nyumbani.

"Mdogo wangu," alikuwa akimtania fundi wakiwa mezani, "bado yangu mimi ni ya kweli. Ya kwako wewe ina dhambi."

Walikuwa wameahidiana, hawa ndugu wawili, kwamba kaka akistaafu watatengeneza bia yao wenyewe, lita ishirini tu, pale pale gerejini. Kaka ataleta ujuzi, mdogo ataleta baridi. Kaka alistaafu. Akanunua gunia dogo la kimea cha shayiri na maua yake machungu ya kutia uchungu, akayaweka stoo. Akaandika kila kitu kwenye daftari jeusi. Kisha asubuhi moja, akiwa anafunga kamba za viatu, akaanguka upande. Kiharusi kilichukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na maneno yote.

Hospitali walikaa naye wiki tatu, wakamrudisha. Daktari alisema wamefanya walichoweza. Fundi alimsikiliza daktari huyo kwa makini, kwa sababu sentensi hiyo aliijua vizuri. Yeye mwenyewe huwaambia wateja hivyo kompresa, moyo wa friji, ikishakufa.

Kaka alilazwa chumba cha mbele, akageuza uso ukutani. Shemeji, mke wa kaka, alimlisha uji mzito kwa kijiko, akambadilisha shuka, akamsimulia habari za majirani, na yeye akautazama ukuta tu. Muuguzi alikuja mara mbili kwa wiki kumnyoosha viungo. Fundi alikuja kila asubuhi, akasimama kitandani na mikono mifukoni. Mtu aliyezoea kufungua kitu kwa bisibisi na kukiona kilipoharibika, leo alikuwa na kaka ambaye hana skrubu hata moja. Hilo lilimuuma. Aliona haya kuwa mzima.

Ndipo akaliona lile gunia la kimea stoo, na wazo likamshika. Atatengeneza ile bia. Kaka atainusa, ataitazama, ataionja, na atasema kitu, hata kwa kichwa. Fundi hakuomba zaidi ya hapo.

Tatizo ni kwamba hakujua kutengeneza bia. Alijua kuipoza tu.

Alilifuata daftari jeusi kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Akachemsha kimea chake, akatia maua, akapoza, akamimina kwenye ndoo nyeupe yenye mfuniko. Hamira alipewa na mfanyakazi mmoja wa kiwandani aliyefundishwa kazi na kaka, kikopo kimoja, hai, imetoka kwenye tangi asubuhi hiyo hiyo. Kwenye mfuniko akatoboa tundu, akapitisha mpira mwembamba, ncha yake akaizamisha kwenye chupa ya maji. Daftari lilisema: hamira ikianza kazi, hewa itatoka na maji yatatoa mapovu. Ndoo ikaingia kwenye friji la mwenye saluni, nyuzi kumi, si zaidi. Mbele ya friji akaweka kigoda, akakaa.

Siku ya kwanza chupa haikutoa povu hata moja. Siku ya pili vile vile. Siku ya tatu shemeji alipita gerejini kumwita chakula, akamkuta ameinama mbele ya mlango wa friji, macho yamemtoka.

"Shemeji, mgonjwa mmoja hakututosha? Umeona utuongezee wa pili?"

"Hapumui," fundi akasema.

"Nani?"

"Bia."

Shemeji akashika kiuno. Alikuwa mwanamke wa utani, na utani ndio uliokuwa umemsimamisha miezi yote hiyo. "Niliwaambia watu, huyu hatapata mke, alishaoa kompresa. Kumbe sasa anasubiri na mtoto."

Lakini fundi hakucheka. Aliingia ndani kwa kaka yake, kama alivyoingia jana na juzi, kutoa taarifa. "Kaka, siku ya tatu leo. Hakuna povu. Maji yametulia tu. Nadhani imekufa."

Na hapo kaka, kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali, akageuka kutoka ukutani. Akamtazama mdogo wake. Akainua mkono wa kushoto polepole, akagusa sikio lake.

"Sikio?" fundi akauliza.

Kaka akaligusa tena. Akaligonga kwa kidole, mara mbili.

"Shemeji! Njoo! Sikio linamuuma!"

Basi ikawa shughuli. Muuguzi akaitwa, akachungulia sikio kwa tochi yake ndogo, akasema ndani pana wekundu kidogo, huenda. Akaacha dawa ya matone, asubuhi na jioni. Kaka alipolazwa ubavu ili atiwe tone la kwanza, alifumba macho. La pili alitoa sauti puani, sauti ya mtu aliyeonewa. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Hilo halikuwa la kufa wala la kuugua, lilikuwa sikio zima lililotendewa ujinga, na mwenyewe hakuwa na ulimi wa kujitetea. Kila fundi alipoingia, kaka aligonga sikio. Kila alipogonga, walimwongezea tone.

Siku ya tano fundi aliamua kuimwaga ile bia. Akaitoa ndoo, akaiweka sakafuni, akaikodolea macho. Kisha mkono wake ukafanya wenyewe kitu ulichofanya kila siku kwa miaka thelathini. Fundi wa friji akishindwa kujua gesi inavujia wapi, hupaka povu la sabuni kwenye maungio ya mabomba na kungoja. Alichovya brashi kwenye kikopo chake cha sabuni, akapaka kuzunguka mfuniko wa ndoo.

Povu likatutumka. Upande wa kushoto wa mfuniko, mahali plastiki ilipojikunja kidogo, sabuni ilivimba, ikapasuka, ikavimba tena, moja, mbili, moja, mbili. Hewa haikupita kwenye mpira kwa sababu ilikuwa na mlango wake mwingine.

Fundi akapiga magoti. Akaegemeza sikio kwenye ndoo. Ndani kulikuwa na sauti ndogo, nyingi, kama ya mafuta yanayotatarika mbali, jikoni kwa mtu mwingine. Ilikuwa hai. Ilikuwa hai tangu siku ya pili pengine, na yeye alikuwa anaitazama badala ya kuisikiliza.

Hapo ndipo alipokumbuka sikio la kaka.

Aliingia chumba cha mbele na mikono yake yenye sabuni. "Kaka," akasema, "ulikuwa unaniambia nisikilize."

Kaka akafumba macho taratibu, akayafumbua. Ndivyo mwalimu anavyofanya mwanafunzi wa mwisho darasani anapopata jibu. Shemeji alicheka mpaka akakaa chini, na alipokaa chini akalia, akamfuta mumewe sikio kwa ncha ya khanga. "Tumekutesa bure, baba wa watu," alisema. "Tumekutesa bure."

Kuanzia hapo nyumba ile ilikuwa na wagonjwa wawili na tabibu mmoja, na tabibu alikuwa yule aliyelala. Siku ya saba fundi alifungua mfuniko, jambo ambalo daftari lilikataza kwa wino mwekundu, akaona povu zito kama la maziwa yanayotaka kumwagika, na juu yake mabaka ya kahawia. Akasema ni ukungu. Siku hiyo hiyo harufu ikamgonga: yai viza. Shemeji aliisikia akiwa uani.

"Shemeji, hiyo imeoza. Mwaga kabla majirani hawajatushtaki."

Fundi naye aliamini imeoza. Lakini safari hii alikuwa amejifunza. Alichota kidogo kwenye kikombe, akakileta kitandani, akakishika chini ya pua ya kaka yake, kichwa chake mwenyewe akiwa amekigeuzia pembeni.

Kaka akavuta pumzi. Akavuta tena, ndefu, mpaka kifua kikapanda. Na nusu ya uso wake, ile nusu iliyobaki yake, ikatabasamu.

Ile ilikuwa harufu ya chumba chake cha matangi. Hamira ya baridi inapofanya kazi vizuri hunuka hivyo, kisha harufu hupungua yenyewe. Ukurasa unaofuata wa daftari ulikuwa umeandika hivyo hivyo, kama fundi angekuwa na subira ya kufunua ukurasa. Kaka alikishika kikombe kwa mkono wa kushoto na kukataa kukiachia mpaka alipopata usingizi. Fundi alirudi gerejini, akakaa kwenye kigoda, akalia kwa furaha. Aliona amepata ufa wa kumfikia kaka yake na kwamba sasa kila kitu kitakwenda sawa. Maskini, hakujua.

Daftari lilisema: wiki mbili ichachuke, wiki nne ilale. Na chini yake, kwa mwandiko wa kubonyeza: *Ikinyamaza kabla ya wakati, imekufa. Ikinyamaza kwa wakati wake, iache ilale, usiiguse.* Wiki mbili zilipotimia, ndoo ikanyamaza. Fundi alisikiliza asubuhi, akasikiliza mchana, akaenda kumwambia kaka, naye akatikisa kichwa kukubali. Akashusha baridi mpaka karibu na barafu. Wiki nne. Kaka alionyesha vidole vinne, kila kidole amekinyoosha kwa shida, na fundi akavihesabu kwa sauti.

Wiki ya pili ya kulala, kaka alianza kukohoa. Muuguzi aliweka sikio la mpira kifuani, mbele na mgongoni, akasikiliza muda mrefu. Sasa walikuwa wanasikiliza wote katika nyumba ile. Alisema kifua kimejaa. Zikaja sindano. Zikaja sindano nyingine. Uji ulirudi kama ulivyokwenda. Siku ya tano muuguzi alimvuta shemeji kando, lakini gereji na nyumba zilishikana ukuta, na fundi aliyasikia yote akiwa kwenye kigoda chake: "Kaeni naye karibu. Kama kuna mtu wa kuitwa, aitwe."

Fundi alitazama friji. Siku kumi na tatu zilibaki. Katika kazi yake kuna njia ya mkato kwa kila kitu. Bomba likiziba unalikata na kuunga jingine. Gesi ikiwa kidogo unaongeza. Alisoma daftari lote kutoka mwanzo kutafuta njia ya mkato, na katika kurasa sitini hakukuwa na hata moja. Kaka alikuwa ameandika daftari zima kupinga njia za mkato.

Akafungua ndoo. Akachota glasi moja. Bado ilikuwa na wingu kidogo, si safi, lakini ilikuwa bia, ilikuwa na rangi ya bia. Muuguzi alisema kijiko kimoja hakitamdhuru tena, na namna alivyolisema neno "tena" ilimfanya shemeji atoke nje.

"Kaka," fundi akasema, amekaa ukingoni mwa kitanda. "Hii hapa. Ya kwetu. Ionje."

Kaka akaitazama glasi. Akanyoosha mkono wa kushoto, si kuipokea, bali kuisogeza kuelekea dirishani, mwanga uipite. Akaitazama hivyo kwa muda. Fundi akaleta kijiko mdomoni. Kaka akabana midomo.

"Kidogo tu."

Akatikisa kichwa. Akainua vidole viwili. Wiki mbili.

"Najua wiki mbili. Onja hivyo hivyo."

Vidole viwili.

Na fundi, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumpandishia kaka yake sauti, akapandisha. "Wiki mbili huna, kaka! Huelewi? Huna wiki mbili!"

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni na beseni. Fundi alitamani ulimi wake ungekatika kabla. Lakini kaka hakushtuka. Alimtazama tu mdogo wake kwa upole, kama alivyokuwa akiwatazama wale wakubwa wenye makoti, watu wenye haraka wasio na hatia. Alikuwa anajua. Alikuwa anajua kabla yao wote. Midomo yake ikahangaika, upande mmoja ukivuta, upande mwingine ukigoma, na kutoka kifuani likapanda neno lake la kwanza baada ya miezi minne.

"Ba. Do."

Kisha akauweka mkono wa kushoto juu ya mkono wa fundi wenye kijiko, akauteremsha mpaka kwenye shuka.

Hakusema neno jingine. Alikaa siku tisa, akakata roho mchana, shemeji akiwa anamfuta uso. Zilibaki siku nne. Fundi alizihesabu hata wakati watu wanapanga viti uani, akajichukia kwa kuzihesabu, akaendelea kuzihesabu.

Siku ya nne baada ya hapo waombolezaji walikuwa wameshapungua. Shemeji alimkuta gerejini, mlango wa friji wazi, glasi mkononi. Bia ilikuwa safi kiasi kwamba kupitia glasi ile uliweza kusoma maandishi ya boksi la kompresa lililokuwa ukutani. Povu lake lilikuwa jeupe na lilikaa.

"Imeiva?" shemeji akauliza.

"Daftari linasema imeiva."

"Nimekuuliza wewe."

Fundi akainua glasi kwenye mwanga wa dirisha, kama alivyomwona kaka akifanya. Akanusa. Akaegemeza sikio kwenye ndoo. Ilikuwa kimya kabisa, na hakuna aliyebaki wa kumwambia kama ule ulikuwa ukimya wa wakati wake au wa kabla.

"Sijui, shemeji," akasema. "Mimi najua kupoza tu."

Shemeji akachukua glasi, akaitazama, akaiweka juu ya benchi la kazi kati ya bisibisi na koleo. Walikaa nayo hivyo mpaka povu likaisha. Hakuna aliyeionja. Kisha fundi akafunika ndoo, akapitisha kidole kuzunguka mfuniko kuhakikisha hauvuji, akasukuma mlango, ukajifunga wenyewe.

Mwenye saluni alikuja wiki iliyofuata. Alikuwa amesikia msiba, akatoa pole kwa sauti ya chini aliyoiazima mahali fulani. Akakaa kwenye kigoda. Akatulia kiasi cha heshima. Halafu masikio yake yakasimama.

"Fundi, lile si friji langu? Nalisikia linanguruma."

"Ndilo."

"Basi limepona."

Fundi alisimama, akaenda akaweka kiganja kwenye mlango wa friji, pale kwenye baridi. Mtetemeko mdogo ulimpanda mkononi mpaka kwenye kiwiko. Shemeji alikuwa ametokea mlangoni na kitambaa chake cha jikoni, naye pia akawa anasubiri jibu.

"Bado," fundi akasema.

Mwenye saluni alikuwa na maneno yake tayari, makali, ya miezi yote hiyo. Alimtazama fundi usoni, akayameza.

"Haya," akasema, akinyanyuka. "Likiwa tayari utaniita."